Chinsaga haipandwi udongo ukiwa baridi

Leo ni tarehe 9 Mei na mbegu zangu za chinsaga bado ziko juu ya friji, ndani ya kichupa cha dawa. Nimekitikisa asubuhi kama ninavyokitikisa kila siku. Zimebaki nusu kijiko, vipunje vyeusi vidogo kuliko simsim, na sitaki hata kimoja kipotee.

Kwa asiyeijua, chinsaga ndiyo mgagani, wengine huiita saga. Kwetu Nyamira huchemshwa, maji yakamwagwa, kisha ikalazwa na maziwa usiku kucha mpaka uchungu upoe. Mwanamke akijifungua, ndiyo mboga anayoletewa. Mimi nilimzaa kifungua mimba wangu hapa Minnesota, Marekani, Februari 2018, theluji imerundikana hadi chini ya dirisha, na nilijua chinsaga nitaisikia kwa simu tu. Siku ya nne mama mmoja wa kanisani akabisha hodi na bakuli limefungwa kwa leso. Alikuwa ameipanda mwenyewe nyuma ya nyumba yake, akaivuna kiangazi, akaihifadhi kwenye friza. Nilikula nikilia. Brooklyn Park, mji wa huku Minnesota, ina watu wengi wa kwetu, lakini siku hiyo ndipo nilipoamini kwamba kwetu panaweza kumea huku.

Mwaka uliofuata akanipa mbegu, na neno moja: usiipande udongo ukiwa baridi. Sikumsikia. Mwaka wa nyuma nilikuwa nimeona theluji ya katikati ya Aprili ikizika magari, na barafu ya Ziwa Minnetonka ikikaa hadi Mei 5, kwa hiyo 2019 jua lilipowaka siku 2 mfululizo mwanzoni mwa Mei, nilidhani baridi imekwisha. Nikapanda zaidi ya nusu ya mbegu zote. Mvua na baridi zikarudi pamoja. Baada ya wiki 3 nilifukua kwa kijiko nikakuta maganda matupu na utelezi. Sikuwa na uso wa kumwambia yule mama kwa muda mrefu. Hizi za kichupani ni wajukuu wa zile chache zilizobaki.

Mboga nyingine zina njia zake. Sukuma wiki haiogopi. Nimeshaiotesha ndani tangu Machi, kwenye trei za mayai dirishani, na sasa iko nje. Managu, yaani mnavu, nayo hukubali kuhamishwa. Chinsaga ina mzizi mmoja unaoshuka moja kwa moja, ukiung'oa inanuna na kufa, kwa hiyo inabidi ipandwe pale pale itakapokaa, na haioti vizuri mpaka udongo ukaribie nyuzi 20. Hapo hakuna ujanja. Wenyeji husema ngoja Siku ya Akina Mama ipite, Jumapili ya 2 ya Mei, ndipo utoe miche isiyovumilia sakitu, ule umande unaoganda usiku wa baridi. Kwa chinsaga mimi nangoja hata zaidi, mpaka mwisho wa mwezi. Na kila wiki inayochelewa inauma, kwa sababu mwisho wa Septemba sakitu inarudi, majira ya kuchipua yawe yamechelewa au yamewahi.

Jirani yangu ni mama mzee wa Kihmong, watu wenye asili ya Asia, na sijaona mkulima kama yeye. Lugha yetu ya pamoja ni chache. Jumanne aliniita kwenye ua wa waya, akainama upande wake, akachota udongo, akaukunjia ngumi. Alipofungua kiganja, donge lilibaki zima, na alama za vidole 4 zimechorwa juu yake kama kwenye unga wa chapati. Akaligusa kwa kidole gumba. Halikupasuka. Akatikisa kichwa, akalitupa, kisha akaninyooshea vidole vyote 10. Nimevihesabu kuwa siku.

Basi ninangoja, na kungoja kwenyewe kuna kazi. Managu naitoa barazani kwa muda wa saa moja siku ya kwanza, kwa saa mbili siku ya pili, nikiirudisha ndani kabla upepo haujaivunja shingo. Usiku wa Jumamosi utabiri ulisema nyuzi 1, nikatoka na shuka 2 za kitanda nikaifunika sukuma, nikakandamiza ncha kwa mawe. Alfajiri shuka zilikuwa zimekauka ngumu kama mbao. Nilipozifunua, majani yalikuwa hai, kingo zake zimegeuka zambarau kidogo. Nilisimama pale na viatu vya theluji nikamshukuru Mungu.

Mama yangu alipiga simu jioni hiyo, kwake ilikuwa asubuhi ya kesho.

"Hujapanda bado, mwanangu? Sisi tumeshapalilia mahindi mara ya pili."

"Bado, Mama."

"Mvua haijaja?"

"Mvua ipo. Jua nalo lipo, linazama saa mbili na nusu usiku. Ninangoja udongo upate joto."

Alinyamaza. Mama anajua ukame, anajua mvua ya mawe iliyowahi kumpasulia majani yote ya migomba, lakini shamba lenye maji na mwanga mwingi kiasi hicho, na bado likakataa mbegu, hajawahi kulikanyaga. "Basi usililazimishe," akasema mwishowe. "Lifunike ukiweza." Nikamwambia kwamba nimeshatandaza plastiki nyeusi kwenye tuta la chinsaga tangu Aprili, ivute jua. Akafurahi. Akaniuliza imebanwa na nini, isije ikapeperuka.

Kipimajoto kimechomekwa katikati ya tuta hilo, kwenye tundu nililolitoboa kwenye plastiki. Kazi ya kukisoma nimempa kifungua mimba wangu, yule wa Februari. Kila asubuhi kabla ya basi la shule anachutama, anafuta ukungu kwenye kioo kwa mkono wa sweta, anakikaribia mpaka pua iguse.

"Kumi na moja," ameniambia leo.

Jana ilikuwa kumi.