Mpimeni presha akiwa amesimama pia

Baba yangu ni askari mstaafu, tunaishi Arua, na kila usiku anameza klopromazini, dawa ya ugonjwa wa akili, ile ambayo wengi huku bado wanaiita Largactil. Dawa hiyo imemrudishia usingizi na kuzinyamazisha sauti zilizokuwa zikimtukana. Siipingi hata kidogo. Ninacholilia ni presha.

Akipimwa ameketi, Baba anasoma 128 kwa 80. Namba safi kabisa, inaandikwa kwenye daftari, anaitwa mwingine. Lakini alikuwa anaanguka. Msikitini akiinuka kutoka sijda, macho yanaingia giza, magoti yanalegea, anamshika aliye karibu. Majirani wakasema uzee. Mmoja akasema mashetani yake yamerudi, na neno hilo liliniuma kuliko kumwona Baba chini.

Aliyetufungua macho ni sista mmoja wa zamu. Alimlaza Baba kitandani kama dakika tano, akampima. Kisha akamwambia, "Mzee, simama taratibu, nishike bega." Akampima baada ya dakika moja, akarudia baada ya dakika tatu. Namba ya juu ilikuwa imeporomoka hadi 98. Akanieleza kwamba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, ndani ya dakika tatu za kusimama, hiyo ni presha ya kushuka, hata kama akiketi yuko sawa.

Tukisimama, damu huteremkia miguuni, na mishipa hujikaza ili kuirudisha juu. Klopromazini huzuia ile amri ya kujikaza. Klozapini, kwetiapini na risperidoni, dawa nyingine za akili, nazo hufanya hivyo, na amitriptilini pia, ambayo wengi hupewa kwa ajili ya sonona au maumivu ya neva. Haloperidoli, nayo ya akili, kwa kawaida ina nafuu upande huu. Hatari huwa kubwa zaidi mtu anapoanza dawa au anapoongezewa dozi, na kwa wazee.

Kwa Baba kulikuwa na jingine. Alikuwa na madaftari mawili: moja la dawa za akili, jingine la kliniki ambako alipewa amlodipini ya kushusha presha. Huku hawakusoma la kule. Dawa mbili zikawa zinashusha presha ya mzee mmoja, na hakuna aliyeuliza. Hilo bado linanikasirisha. Siku hizi ana daftari moja, na dawa zote nimeziandika ukurasa wa kwanza kwa herufi kubwa.

Daktari alipunguza amlodipini, klopromazini akaiacha ilivyo. Nashukuru hakuikata ghafla, maana tunajua nyumbani kwetu sauti zikirudi inakuwaje. Baba sasa akiamka anakaa kwanza ukingoni mwa kitanda, anachezesha miguu, anakunywa maji, ndipo anasimama. Kwa muda aliswali juu ya kiti. Kiangazi, jua la Arua linapokausha mwili, namfuatilia na kikombe cha maji mpaka ananiambia, "Binti, nimeshiba maji."

Kwa wanaouguza mtu anayetumia lithiamu, dawa ya kutuliza hisia zinazopanda na kushuka kupita kiasi, hali ni tofauti na ni nzito zaidi. Vidonge vya presha vya kukojosha, na vile vya jamii ya lisinoprili, vinaweza kuifanya lithiamu ijae kwenye damu hadi iwe sumu. Ibuprofeni na diklofenaki, dawa za maumivu tunazonunua duka la dawa bila kuulizwa kitu, nazo hivyohivyo. Akianza kutetemeka sana, kutapika, kuyumba au kuongea kilevi, mkimbize hospitali siku hiyohiyo. Na venlafaksini, dawa ya sonona, yenyewe inaweza kuipandisha presha, kwa hiyo anayeitumia naye apimwe mara kwa mara.

Kama mgonjwa wako anaona giza akisimama, usimwachishe dawa wewe mwenyewe. Nenda na vidonge vyake vyote kwenye mfuko, hata vya mafua, na umwombe sista ampime amelala, kisha amesimama. Wakiwa na foleni ndefu watakwambia hakuna muda. Sisi tulisubiri hadi foleni ikaisha, wakampima.