Kumbe saa ya kompyuta ndiyo iliyoninyima mawimbi

Wiki mbili nzima WSPR, programu ya kompyuta ya kusoma mawimbi ya redio, haikunipa hata mstari mmoja wa kituo kilichosikika. Niko Uyole, Mbeya, nasikiliza kilohezi 474.2, jamaa yangu wa Tukuyu anarusha usiku. Nikalaumu antena, nikalaumu radi za Machi, nikazima hadi chaja ya sola nikidhani inaleta kelele redioni.

Kilichonifumbua macho ni Morse ya polepole, herufi za nukta na mistari. Nilimwomba abadili, kila nukta sekunde 3. Kwenye skrini, katikati ya chenga za radi, ukajichora mstari mwembamba: mfupi, mrefu, mfupi. Herufi zikasomeka kwa macho! Basi wimbi linafika.

WSPR hunasa mawimbi hafifu mno, ila ina masharti kama mkwe: huanza kurusha sekunde moja baada ya dakika shufwa, huchukua sekunde 110.6, na saa zikipishana zaidi ya sekunde mbili hivi, huambulii kitu. Morse ya polepole haina habari na saa. Saa ya kompyuta yangu ilikuwa nyuma sekunde 9. Kibetri cha CR2032 kinachoitunza kilishakufa, hivyo kila umeme ukikatika niliiweka kwa mkono, kwa kukisia. Nikaweka kipya, nikalinganisha saa kwa intaneti ya simu.

Usiku uleule jamaa wa Tukuyu akatokea, desibeli hasi 19, yaani wimbi lake liko chini kabisa ya kelele lakini linasomeka.