Anko alivyoachwa kwenye maporomoko

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kulikuwa na banda la gemu la mabati pale Majengo, Dodoma, tivii za kichogo, pedi zimezungushiwa selotepu, unatoa mia unacheza. Wenzangu walikuwa wa mpira, mimi nilikuwa wa Contra tu, lile gemu la wanajeshi wawili wanaokimbia na kupiga risasi.

Sasa jioni moja vumbi limetimka hadi mtu hufungui macho, akaingia Anko mmoja, makuli wa sokoni, jitu la miraba minne, kaja kujikinga upepo. Akasimama nyuma yangu anaangalia weee, mwisho akasema dogo sogea, na mi nishike, mia mbili hizi hapa za wote. Nani akatae?

Nikampigia ile kodi ya siri ya kubonyeza kwenye pedi, juu juu chini chini kushoto kulia kushoto kulia B A, hapo kila mtu anapata roho 30 badala ya 3. Na alizihitaji, maana Contra haina cha damu kupungua kidogo kidogo, risasi moja tu umekwenda, na bunduki uliyookota nayo imekwenda. Anko akiruka kwenye gemu na yeye anaruka kwenye benchi, pedi anainyanyua hadi usoni, benchi linalia, watoto hoi kwa kucheka. Ila hakuna aliyemfundisha kitu! Hakuna stori ya kusoma, hakuna Kiingereza, adui yule pale, piga. Magemu ya siku hizi unaelekezwa nusu saa ndo uguse kitu, mi huwa nashindwa kuvumilia.

Kasheshe ikaja steji ya 3, maporomoko. (Dodoma na maporomoko wapi na wapi, mi yangu ya kwanza kuyaona ni hayo.) Pale mnapanda kwenda juu, na mmoja akitangulia skrini inapanda naye, aliyebaki chini inamfuta, anakufa bila hata kupigwa. Mi nimezoea kukimbia, naruka zangu, Anko anakufa tu. "We dogo mbona unaniua?" Sikuui Anko, panda! "Napandaje na mawe yanadondoka?" Basi ikabidi tuongee, subiri, jiwe hilo, haya ruka, na mimi, tulia hapo hapo, banda zima linatuhesabia moja mbili tatu, mwenye banda mwenyewe kaacha kudai muda kaja kusimama.

Tukafika juu kwa lile dude linalolinda geti. Njiani ilikuwa imedondoka S, ile inayotoa risasi tano kwa mpigo zinatawanyika, kila mtu anaitaka hiyo, nikaiwahi. Nikamalizana na dude, banda likalipuka kwa kelele, nageuka nimpe Anko tano, kanuna.

"Ile S ilidondoka upande wangu," akasema, huku anatafuta mia nyingine mfukoni.