Nambari ya Machakos na rejista iliyo mezani kwangu

Mimi ni karani wa rekodi katika kituo kimoja cha afya pembeni mwa mji wa Kisumu. Kazi yangu ni vitabu. Mama mjamzito akija kliniki, muuguzi humwandika kwenye rejista ya MOH 405, ile kubwa ambayo ukiifungua inakula meza nzima: tarehe, jina, kijiji, umri, mimba ya ngapi, wiki ngapi. Mwezi ukiisha naketi na rula, nashuka mstari kwa mstari nikihesabu. Jumla naziingiza kwenye fomu ya MOH 711, na kutoka hapo zinaingia kwenye KHIS, mfumo wa taarifa za afya wa nchi nzima. Mtu aliye Nairobi akiufungua anaona kile tulichoandika huku kwa kalamu ya wino wa buluu.

Naanza na hayo ili mjue kwamba mwaka 2020 nilikuwa na kila sababu ya kujua nambari hutoka wapi, na bado nilikosea.

Ilikuwa Juni. Shule zimefungwa tangu Machi, kafyu ipo, watoto wako nyumbani. Jioni moja ikaingia kwenye simu yangu habari kwamba wasichana karibu 4,000 kaunti ya Machakos wameshika mimba tangu shule zifungwe. Ilikuja na picha ya msichana mwenye sare, tumbo limetokeza, uso umefichwa. Nchi nzima ilikuwa ikiizungumzia: magazetini, redioni, kwenye mahubiri. Sikuuliza lolote. Niliisambaza kwenye kundi la chama chetu cha akiba, tuko wanawake kumi na wanne, na chini yake nikaongeza maneno yangu mwenyewe: "Kina mama, chungeni mabinti."

Mwenzetu mmoja anauza omena, yaani dagaa, karibu na soko la Jubilee. Ana mabinti wawili. Alinipigia usiku uleule. "Wewe ni mtu wa hospitali," akaniambia. "Ukisema wewe, mimi sina la kuuliza." Wiki haikuisha kabla hajawapeleka wote wawili kwa nyanya yao kule Seme. Mkubwa alikuwa kidato cha pili, na kila asubuhi alikuwa akisoma kibarazani kwa jirani yao ambaye ni mwalimu, pamoja na watoto wake. Kule Seme hakukuwa na mwalimu wala simu ya kusomea. Shule zote zilipofunguliwa Januari 2021 aliyerudi ni mdogo. Mkubwa alikaa nje muhula mzima. Sisemi ni ujumbe wangu peke yake uliofanya hivyo, maana karo nayo ilikuwa imewashinda. Lakini ujumbe wangu ulikuwemo.

Siku za kwanza za Julai niliketi kuhesabu rejista ya Juni kama kawaida. Fomu ya 711 ina sehemu ya vijana waliofika kliniki na mimba kwa mara ya kwanza: wa miaka 10 hadi 14 wana mstari wao, wa miaka 15 hadi 19 wana wao. Nikawa nashuka na rula kwenye safu ya umri. 24. 31. 19. 22. 19. 17. 28. 18. Nikafika kwa mmoja wa miaka 19 ambaye nilimkumbuka vizuri, kwa sababu alikuja na mumewe, mvuvi wa Dunga, na Kitabu cha Mama na Mtoto kimetiwa ndani ya bahasha ya kaki kisilowe. Mume ndiye aliyekuwa akijibu maswali kwa wasiwasi, mke akimcheka. Mtu na mkewe, na nyumba yao. Nikamtilia alama kwenye mstari wa vijana wa 15 hadi 19, maana ndipo fomu inapotaka awe.

Rula ikasimama hapo hapo. Nambari ya Machakos, nikajiuliza, imetoka wapi kama si kwenye mstari kama huu?

Usiku ule nilinunua bando nikatafuta. Nikapita juu ya kurasa zilizokuwa zikinakiliana hadi nikafika kwenye maelezo ya takwimu zenyewe. Zilitoka KHIS. Zilikuwa za vijana wa miaka 10 hadi 19, wakiwemo wa 18 na 19 ambao ni watu wazima mbele ya sheria, walioolewa na wasioolewa, wanaosoma na waliokwisha kuacha. Na zilikuwa za Januari hadi Mei 2020.

Hebu tuhesabu miezi pamoja, kama ninavyohesabu mimi mezani. Mgonjwa wa kwanza wa korona Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 2020, na shule zikafungwa siku chache baadaye. Aliyefika kliniki Januari au Februari alishika mimba kabla ya hapo, mwalimu akiwa bado yuko darasani. Aliyefika Aprili, kama ni kama wengi ninaowaona, alikuja na mimba ya miezi minne au mitano, kwa hiyo naye ilimwanza kabla ya kufungwa. Hata aliyefika Mei mara nyingi ni vilevile. Katika karibu 4,000 hao, ambao mimba yao ingeweza kuitwa ya wakati wa kufungwa kwa shule ni wachache mno. Halafu nikaona jambo la pili. Nchi nzima, vijana wa umri huo walioandikishwa Januari hadi Mei 2020 walikuwa kama 151,000. Miezi ileile ya 2019 walikuwa zaidi ya 175,000. Walipungua.

Nilikaa na simu mkononi mpaka ikazima. Nambari yenyewe ilikuwa ya kweli. Kuna karani mwenzangu huko Machakos aliyeihesabu kwa rula kama mimi, pengine kwa uangalifu kunishinda. Kisha mtu akaichukua, akaibandika miezi isiyokuwa yake na sare ya shule isiyokuwa yake, ikawa inasema kitu ambacho karani yule hakukiandika. Picha nayo, nilipoitafuta kwa picha, ilikuwa kwenye ukurasa wa miaka kadhaa nyuma uliozungumzia nchi nyingine kabisa.

Lakini naomba msikimbilie upande wa pili. Huko kupungua nako sikushangilia, kwa sababu rejista yangu huhesabu waliofika mlangoni tu. Aprili ile benchi letu la kliniki lilikuwa tupu. Watu waliogopa hospitali, waliogopa kupelekwa karantini, waliogopa kukutwa njiani na kafyu. Msichana wa miaka 15 anayeficha tumbo kwa leso ndiye wa mwisho kabisa kuja kwetu. Yeye simwandiki, kwa hiyo huko Nairobi hayupo.

Haya nimeyaweka moyoni miaka yote hii. Yaliyonifanya niyaandike leo ni binti wa kaka yangu, aliye kidato cha tatu. Shuleni kwao walipewa mdahalo kuhusu mimba za utotoni, akaja kwangu Jumamosi na daftari. "Waya, nimepata data," akaniambia. (Waya ndiye shangazi, kwa wale msiojua Kiluo.) Mstari wake wa kwanza ulisema kwamba kwa sasa asilimia 33 ya wasichana wa Homa Bay wamewahi kushika mimba.

Nikamuuliza, sasa ya lini?

Hakujua. Tukaingia pamoja kwenye ripoti za utafiti wa idadi ya watu na afya, ule ambao Shirika la Kitaifa la Takwimu hufanya kila baada ya miaka kadhaa. Faili ni nzito na kwenye simu maandishi ni kama mchwa, lakini jedwali la kaunti limo. Asilimia 33 ya Homa Bay ipo kweli, kwenye utafiti wa 2014. Kwenye ule wa 2022 Homa Bay ni 23. Nchi nzima ilitoka 18 ikafika 15. Ukurasa alioutoa mpwa wangu data yake ulikuwa umeinakili nambari ya zamani, ikawa binti wa Homa Bay bado anahukumiwa kwa hesabu ya dada zake wakubwa. Niliona kidole cha mpwa wangu kikishuka polepole kwenye jedwali, akaisoma Samburu kwa sauti, asilimia 50, akanyamaza. Kisha akauliza swali lililonifurahisha kuliko yote: "Hawa waliwapata wapi, Waya? Kliniki?"

Hapana, nikamwambia, hawa walifuatwa nyumbani. Mwaka 2022 watafiti walitembelea nyumba zaidi ya 37,000 kote nchini, wakaketi na wanawake wa miaka 15 hadi 49 na kuwauliza. Humo anaweza kuwemo hata yule ambaye hajawahi kukanyaga kwetu. Ile asilimia 15 ni ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 waliowahi kushika mimba, awe amezaa, imeharibika, au bado ameibeba. Rejista yangu haiwezi kumjibu swali hilo, na utafiti wao hauwezi kumwambia ni wangapi walikuja kliniki kwetu mwezi uliopita. Aliandika hayo yote pembeni mwa daftari kwa herufi ndogo.

Ndipo nikamsimulia ya Machakos, hadi ya omena na Seme. Akanisikiliza, akasema: "Basi kufungwa kwa shule hakukuwadhuru wasichana."

Hapo ndipo ninapowaomba watu wote wa mitandao wanisikilize, wanaosambaza na wanaokanusha pia. Ushahidi kwamba walidhurika ulikuwa jirani kabisa na sisi, kaunti ya Siaya. Kuna watafiti waliokuwa wakiwafuatilia wasichana wa sekondari wa kaunti ile hata kabla ya korona. Walipoona shule zimefungwa wakapata nafasi ambayo hakuna aliyeitaka: wakalinganisha waliomaliza kidato cha nne mwaka 2019, kabla ya janga, na waliofuata, ambao masomo yao yalikatwa miezi sita. Wasichana 910 kwa jumla. Wale waliokatiwa masomo walikuwa na hatari mara mbili ya kushika mimba kabla ya kumaliza shule, na mara tatu ya kuacha shule. Ilichapishwa Januari 2022 kwenye jarida la BMJ Global Health, na yeyote anaweza kuisoma bila kulipa.

Tazameni tofauti. Walijua ni wasichana gani, wa shule gani, walianza lini kuwafuatilia, na walikuwa na wengine wa kuwalinganisha nao. Walichukua karibu miaka miwili kusema neno moja. Ile ya Machakos ilichukua jioni moja kunifikia. Hiyo ya Siaya haijawahi kusambazwa kwangu na mtu yeyote hadi leo, nami nina makundi tisa kwenye simu.

Na linaloniumiza ni hili. Mwaka 2020 tulipoishika ile 4,000, mazungumzo yote yalikuwa tabia za wasichana: nguo zao, simu zao, malezi ya mama zao. Watafiti wa Siaya walikuwa wakipima shule iliyofungwa. Mlango wa darasa ulipofungwa kwa miezi sita ndipo wasichana walipodhurika. Na mimi, kwa kuogopa nambari isiyoeleweka, nikasaidia kumtoa mmoja kwenye masomo ya kibarazani ambayo ndiyo pekee aliyokuwa amebakiza.

Siku hizi napokea jambo la namna hii nikaliacha lilale. Natafuta aliyehesabu. Nikimpata, natazama alihesabu nani, miezi gani, na kama alikuwa mlangoni au alikwenda nyumbani kwa watu. Mara nyingine nawakuta Africa Check, shirika la kuhakiki habari, wameshalichambua, nami huwasoma kwa shukrani, ingawa hata wao nawafuata hadi kwenye jedwali lenyewe. Yasiyo na mhesabu, yaani yale ya "utafiti umeonyesha" bila utafiti, hayatoki kwenye simu yangu hata yakiwa yananiunga mkono. Hayo ndiyo magumu zaidi kuyaacha.

Jumanne nilikwenda sokoni kwa mwenzangu. Nilimkuta anapima omena kwa gorogoro, anaitikisa kidogo ijae, kisha anaongeza kiganja juu. Binti yake mkubwa amemaliza shule, mwaka mmoja nyuma ya wenzake. Nilimweleza yote, nikamwambia naomba radhi. Alimaliza kumhudumia mteja, akapangusa mikono. "Sawa," akasema. "Lakini liandike palepale ulipoandika lile la kwanza."

Nikaliandika jioni ile kwenye kundi la chama. Ya Machakos nilivyoikosea, ya Siaya inavyosema. Wengi waliweka kidole gumba. Kisha mmoja, yule mweka hazina wetu asiyependa maneno mengi, akatuma sauti: "Na hii nayo umeitoa wapi?" Katika miaka yote ya kundi lile hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikamtumia jina la jarida, mwaka, na ukurasa wenye jedwali. Saa nne usiku alikuwa bado anasoma, akaniuliza tena wale 910 walichaguliwa vipi.