Yoyo Isiyopanda Hadi Uiite

Yoyo ni kichezeo cha visahani viwili vinavyopanda na kushuka kwenye uzi uliofungwa kidoleni. Ile ya alumini ya bei nafuu mara nyingi huja na tabia moja: ukiitingisha kidogo tu, inapanda mkononi. Kwa anayeanza hiyo ni raha tupu. Lakini anayetaka kuitua juu ya uzi, kuipitisha kati ya vidole, kuukunja uzi na kuukunjua huku yoyo ikiendelea kuzunguka, hafiki mbali. Uzi ukilegea kidogo katikati ya mchezo, yoyo inaumeza na kumgonga vidole.

Mpwa wangu amefikia hapo. Ijumaa alipita kwangu Kondele, hapa Kisumu, akiwa na uso wa mtu aliyeshafanya uamuzi. "Anko, nataka zile hazirudi zenyewe. Ninunue ingine?" Nikamwambia hela yake aiweke, hii aniachie wikendi.

Mimi naipenda kazi hii kuliko hata kucheza. Na naamini yoyo nyingi za bei ya chini hazina ubaya wowote. Zimetengwa tu kwa ajili ya anayeanza, na mtu mwenye mikono mitulivu anaweza kuzifungulia njia.

Uzi wa yoyo haufungwi fundo. Pedro Flores, Mfilipino aliyeanza kutengeneza yoyo California mwaka 1928, aliuzungusha uzi kwenye ekseli, kile kijiti kinachounganisha nusu mbili za yoyo, bila kuukaza, ndiyo maana yoyo zake ziliweza kubaki chini zikizunguka. Mwaka 1990 Tom Kuhn, daktari wa meno wa San Francisco, akatoa yoyo ya alumini ambayo uzi wake unakaa juu ya beringi ya gololi. Tangu hapo kinachoamua yoyo irudi au isirudi ni msuguano, nao unatoka kwenye grisi iliyo ndani ya beringi, kwenye pedi za silikoni, yaani vipete laini kama mpira vilivyobandikwa kwenye kuta mbili za ndani zinazotazamana, na kwenye wembamba wa mwanya ulio kati ya kuta hizo.

Nilianza na beringi. Ilikuwa nyembamba, na mwanya ulikuwa wa kubana. Beringi pana inayotumika kwenye yoyo nyingi za chuma ina tundu la milimita 6.35, kipenyo cha nje 12.7 na upana 4.76. Vipimo hivyo ni vya inchi, kwa hiyo usiende kuitafuta kwenye spea za bodaboda. Pale utapata 6301 na ndugu zake, zote kubwa mno. Bahati nzuri boksi la mpwa wangu lilikuwa na beringi ya pili, pana, ambayo hakuwahi kuigusa. Hilo hutokea na yoyo za aina hii, kwa hiyo chungulia boksi kabla ya kuagiza chochote.

Nayo pana ilikuwa imejaa grisi. Kuna kipete chembamba cha waya kinachoshika kifuniko chake. Unakinyanyua kwa ncha ya pini huku kidole kingine kikiwa juu yake, kwa sababu kikiruka hukioni tena. Nikaitumbukiza kwenye petroli kidogo ndani ya kifuniko cha chupa, nje kwenye baraza, mbali na jiko. Grisi ilitoka kama wingu la manjano. Ilipokauka nikaivisha kwenye ncha ya kalamu na kuipiga kwa ukucha. Kabla ya kuoshwa ilikuwa inageuka nusu duara na kusimama. Sasa ilizunguka na kuzunguka, ikitoa mlio mkavu mwembamba ambao nikiusikia najua grisi imeisha. Hapa kwetu karibu na ziwa, chuma kikavu hakikai muda mrefu bila kutu, kwa hiyo niliiwekea tone moja la mafuta ya cherehani. Moja, si mawili. Mafuta mengi au mazito yanairudisha yoyo kwenye tabia yake ya zamani.

Pedi ndizo zilizonipa kazi. Zilikuwa zimechomoza nje ya ukuta, zikisubiri uzi zishike. Nilizibandua kwa kijiti cha meno, nikapangusa gundi iliyobaki, kisha nikaujaza ule mfereji zilimokaa kwa silikoni ya gasketi, ile ya tyubu ambayo mafundi wa magari hupaka kwenye injini. Unaburuza ukingo wa kadi ngumu ya plastiki juu yake mara moja, bila kurudia, silikoni inabaki sawa na ukuta au chini yake kwa unywele. Halafu unaiacha usiku na mchana. Mtu akiwahi kuirudisha yoyo pamoja silikoni ikiwa mbichi, uzi unaing'oa.

Wakati wa kuirudisha pamoja, ekseli iingie wima, kwa vidole, pole pole. Alumini ni laini na ikishakula thredi haina tiba.

Uzi nilisokota mwenyewe. Kwa mafundi cherehani wa soko la Kibuye nyuzi za polyesta ziko za kila rangi, na mama mmoja aliponiona napima urefu kutoka sakafuni hadi kitovuni aliuliza, "Baba, unashona nini?" Unakusanya nyuzi kadhaa sambamba, unazisokota upande mmoja hadi zianze kujikunja, unazikunja katikati, unaziachia zijisokote zenyewe kwa kurudi nyuma. Kitanzi kinakaa kwenye beringi mara moja tu. Ukikizungusha mara mbili, yoyo itaanza tena kupanda.

Jumapili jioni niliitupa. Ikashuka, ikatulia, nikavuta. Haikuja. Nikavuta kwa nguvu, bado iko chini inazunguka.

Sasa ndipo mtu anapaswa kujua kuifunga, yaani kuunasisha uzi mwanyani ili yoyo ipande. Unaulaza uzi juu ya kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, yoyo ikining'inia upande wa pili. Ule uzi unaotoka mkono wa kulia unaupeleka chini ya yoyo, uingie mwanyani kwa kufuata mzunguko. Unaulegeza. Uzi unajikunja mara mbili mle ndani, unakuwa mnene, kuta zinaukamata, na hapo unaachia kidole cha kushoto. Inapanda kwa kishindo.

Mpwa wangu bado hajajifunza hilo, na yoyo ya namna hii kwa asiyejua kuifunga ni ya kukunja uzi kwa mkono kila mara, kitu kinachokatisha tamaa haraka. Kwa hiyo nimemfungia ile beringi nyembamba na pedi mpya kwenye kimfuko. Akizidiwa, atazirejesha mwenyewe. Nimeshamwonyesha kipete kinatolewaje.