Imebaki Namba ya Siri

Jumapili, saa tatu usiku. Viatu viko mlangoni na tope la Roysambu, miguu imo kwenye beseni la maji moto, na gari sina.

Naandika usiku huu huu kwa sababu najijua. Kufikia Jumatano nitakuwa nimeshaipaka hadithi hii rangi nyingine, na lile Vitz la buluu litakuwa limegeuka gari zuri ambalo watu wabaya walinizuia kununua.

Miaka 11 nimepanda matatu kutoka Donholm hadi Upper Hill na sikuwahi kuona haja ya gari. Haja imekuja na goti la mama. Kila mwezi nampeleka kliniki, matatu mbili na bodaboda moja, na kila mara kondakta hupiga bati kabla mguu wa pili wa mama haujagusa lami. Mara ya mwisho alinishika mkono kwa nguvu hadi kucha zikaacha alama. Hakulalamika. Jioni hiyo nilihesabu akiba yangu ya sako na ya chama, nikapata 680,000.

Yadi za Ngong Road nilizipita haraka. Magari yanang'aa, viti bado vina plastiki, na kijana wa yadi anakuita madam kabla hujafunga mwamvuli. Tatizo ni sheria ya miaka 8: gari kuukuu haliruhusiwi kuingia nchini likiwa limepita umri huo tangu lisajiliwe mara ya kwanza, kwa hiyo lililotoka bandarini Mombasa jana bado ni la bei. Sisi wa 680,000 tunaangukia yale yaliyokwisha kutembea Kenya. Yale yaliyoonja mashimo, matuta yasiyo na rangi, na mafundi wetu.

La kwanza lilikuwa Embakasi. Saa ya dashibodi ilisoma kilomita 78,000, na mwenyewe alikuwa akiitaja hesabu hiyo kila baada ya sentensi mbili. Fundi niliyekwenda naye, mzee mmoja mpole wa gereji ya karibu na Jogoo Road, hakuitazama hata hiyo saa. Alifungua mlango wa dereva, akachutama, akaanza kusugua kikaratasi kilichobandikwa kwenye fremu ya mlango, kidogo kama stempu ya barua, kimejaa maandishi ya Kijapani. Ni kumbukumbu ya kubadilisha oili, akaniambia, huko kwao hubandikwa kila gari likifanyiwa huduma. Maandishi hatukuyajua wala mimi wala yeye, lakini namba ni namba: 29, kisha 91,400.

"Hiyo 29 ni mwaka," akasema. "Wajapani wana hesabu yao ya miaka, ya mfalme. 29 ni 2017."

Yaani gari lilikuwa limekwisha kula kilomita 91,400 huko Japani mwaka 2017, likaja Nairobi likatembea miaka yote hii, na sasa liko 78,000. Nilimtazama mwenye gari. Akasema labda mlango ulitolewa kwenye gari lingine. Hilo nalo, ukilifikiria, si la kujisifia.

Kuliacha hilo hakukuniuma. Mtu akikudanganya waziwazi anakurahisishia kazi, unaondoka huku umekasirika na hasira inakusukuma hadi stejini.

La pili halistahili aya ndefu. Dalali, Nairobi West, Demio safi. Nikafanya utafutaji wa namba kupitia eCitizen, shilingi mia tano na kitu, jibu likarudi na majina mawili: la mtu na la benki. Dalali akasema bosi anamalizia deni wiki ijayo. Kuhamisha umiliki huanzishwa na mwenye gari kwenye akaunti yake mwenyewe, na huyu bosi hata simu hakuwa anashika. Tulikunywa chai tukarudi.

Sasa la leo, lile Vitz.

Kila kitu kilikuwa sawa, na hapo ndipo shida ilipoanzia. Jina lililo kwenye logibuku lilikuwa lile lile lililo kwenye kitambulisho cha kijana aliyekuwa akiliuza. Hakuna benki. Alikuja kwa wakati, ameleta na risiti za matairi. Alipomwona mjomba akainama kidogo, "Shikamoo mzee," na mjomba, ambaye sikuwa nimemwalika, akaitikia marahaba kwa sauti ya mtu anayepokea rushwa na kuijua. Mjomba ameendesha lori kati ya Mombasa na Malaba miaka 26. Akisikia neno gari huvaa koti.

Buluu ile sijui niieleze vipi. Si ya bahari, si ya sare za shule. Nilifungua mlango wa abiria nikakiona kiti kilivyo chini, nikamweka mama hapo. Yaani moyoni. Nilimwona akikaa kwanza, kisha akiingiza miguu yote miwili pamoja, polepole, bila mtu kumpigia bati. Kuanzia hapo sikuwa mnunuzi tena.

Fundi alikuwa ametaka tufike mapema tulikute injini baridi, na kweli ilikuwa baridi. Ikawaka mara moja. Kifuniko cha oili kikavu, safi, hakuna ile krimu ya kahawia kama maziwa ya chai inayoonyesha maji yanavuka gasketi. Moshi hakuna. Tulizunguka hadi Kasarani na kurudi, likapanda matuta bila kugonga. Mimi nilikuwa natabasamu kama mtu aliyeposwa.

Ila lilinukia. Pafyumu tatu zilikuwa zinaning'inia: moja kwenye kioo, mbili kwenye matundu ya hewa. Fundi akaziondoa, akamkabidhi kijana, akafunga madirisha yote akakaa ndani peke yake dakika nzima, mikono magotini, kama mtu aliye kanisani.

Alipotoka hakusema kitu. Alienda kiti cha nyuma akashika mkanda wa usalama, akauvuta. Wengi tunauvuta hadi kifuani. Yeye aliuvuta wote, ule mwingi unaolala kwenye roli usioonekana na mtu, hadi ukakataa. Karibu na mwisho kulikuwa na mstari. Upande mmoja mkanda ni mweusi, upande wa pili umefifia kidogo, na katikati mstari wa rangi ya chai, kama ule unaobaki ndani ya kikombe ulichokisahau dirishani usiku kucha.

Kisha akainua kifuniko cha gurudumu la akiba. Chini kabisa, kwenye ule mkunjo wa bati ambao kitambaa cha mwoshaji hakifiki, kulikuwa na udongo. Si vumbi. Udongo laini uliokauka ukapasuka vipande vipande, na ndani yake kipande cha jani.

"Hii imelala majini," akasema.

Sote tulijua maji gani. Aprili 2024 hakuna aliyekuwa Nairobi akayasahau. Magari yaliyoegeshwa jioni yaliamkia yamezama hadi vioo, na hayakutupwa. Yalianikwa, yakaoshwa, yakauzwa. Wapo waliouza wakisema ukweli kwa bei ya ukweli, na wapo waliouza kwa pafyumu.

Fundi akanieleza polepole, kwa sababu aliona uso wangu. Injini inaweza kupona kama haikuwashwa ndani ya maji, na hii ilionekana kupona. Ugonjwa uko chini ya zulia, mahali nyaya zinapopita, mahali plagi za mifuko ya hewa, zile airbag, zinapokaa chini ya viti. Kutu ya humo haina haraka. Leo gari linawaka. Baada ya miezi taa ya mifuko ya hewa itawaka yenyewe, kisha dirisha litagoma, kisha usukani, maana usukani wa hizi ni wa umeme, na kila fundi wa umeme utakayempelekea atakata waya mmoja aunge miwili.

Nilichofanya baadaye ndicho kilichonifanya niandike. Nilibisha. Sikubishana na kijana, nilibishana na fundi wangu, niliyemlipa mwenyewe 2,500. Nikamwambia labda mtoto alimwagia mkanda chai. Akaniuliza, mikanda yote ya nyuma? Nikasema labda ni udongo wa shamba, watu hubeba viazi. Nikasema hata nyumba huingia maji na watu hurudi wakaishi. Hilo la nyumba sijui lilitoka wapi.

Kijana nilipomuuliza kama gari liliwahi kuingia maji, aliangalia chini. Akasema alilinunua Septemba 2024, alilikuta hivyo. Huenda ni kweli. Nadhani ni kweli. Naye alilipa pesa nzuri akapewa pafyumu, na sasa anatafuta wa kumwachia. Sikuweza kumchukia, na ingekuwa rahisi zaidi kama ningeweza.

Akashusha 70,000 papo hapo. Simu yake ikalia, akasogea pembeni kidogo, akarudi akisema kuna mtu anatoka Thika, yuko njiani, na pesa anazo mkononi. "Lakini wewe dada yangu umetangulia. Weka hata 50,000 nikushikie." Mtu wa Thika hutoka Thika kila Jumapili, hilo nalijua. Nalijua, na bado nilitoa simu.

Nilijipigia hesabu: 70,000 alizoshusha, natoa zulia lote, nanunua nyaya Kirinyaga Road, fundi mzuri wa umeme, inabaki chenji. Nikaandika namba yake. Nikaandika 50,000. Simu ikaniuliza namba ya siri.

Mjomba alikuwa ameegemea ukuta wa kituo cha mafuta, anakula mahindi ya kuchoma. Hakusogea. Akaniuliza tu, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mwanangu, kati yenu wawili ni nani anauza hilo gari?"

Nilitazama simu. Kile kisanduku cha namba ya siri kina subira yake, kikikaa sana kinajifunga. Nilisimama nacho mkononi nikingoja kijifunge, kwa sababu kubonyeza kitufe cha kughairi mimi mwenyewe sikuweza. Kikajifunga.

Kuondoka nako ni kazi. Nilimwambia kijana nitafikiria nimpigie kesho, na sote wanne tulijua ni uongo, lakini huo ndio uongo wetu wa heshima, hauna mwenyewe. Alinishukuru kwa kuja. Fundi akamrudishia pafyumu moja iliyokuwa imeanguka kwenye tope, ameipangusa.

Mvua ilitukuta stejini. Ndani ya matatu mjomba akanisimulia jambo ambalo sikuwahi kulisikia: kwamba mwaka mmoja aliacha lori lenye mzigo Mtito Andei, siku mbili, kwa sababu pedali ya breki ilikuwa imeanza kuwa laini na tajiri anamwambia kwenye simu ateremke nalo hivyo hivyo hadi Mombasa. Nikamuuliza ikawaje. "Alinifukuza," akasema, akageukia dirisha. Nilingoja sehemu ya pili ya hadithi hadi Donholm. Haikuwepo.

Mama alikuwa amebaki macho. Akauliza, "Limepatikana?" Nikasema bado. Akasema sawa, akaniuliza kama mjomba amekula. Kliniki ni Alhamisi ya wiki ijayo. Tutapanda ile matatu ya saa kumi na mbili asubuhi, ambayo kondakta wake ana adabu kidogo, na nitashuka mbele yake nisimame mlangoni.

Nimefungua simu sasa hivi kuangalia saa, nikajikuta kwenye tangazo. Limerudishwa jioni hii. Bei imeshuka 40,000 nyingine. Picha ni mpya, zimepigwa baada ya mvua, buluu imelowa ikazidi kuwa ile sijui niieleze vipi, na kwenye kioo naona pafyumu zimekuwa nne.

Nimeifuta namba ya kijana. Ila nilikwisha kuiandika kwa mkono mchana, tarakimu moja moja, na bado naijua kwa kichwa.