Siku moja ya kazi kwenye kijisitu cha mtaani, Kisumu

Saa 12 asubuhi. Tunaangalia shimo la sentimita 30 lililojazwa maji jana. Yakiwa bado yamo, hapo hapafai kupandwa tambarare. Udongo mweusi wa mtaa wa Nyalenda hunata na kuziba masika, kisha kiangazi hupasuka na kukata mizizi michanga. Dawa yake ni tuta la sentimita 20 hadi 30.

Saa 1. Kupima. Kipande cha mita 10 kwa 3 kinachukua miche 90, yaani mitatu kila mita ya mraba, kwa mbinu ya Akira Miyawaki, mtaalamu wa mimea wa Japani. Wapita njia huuliza, "Mbona mnaibananisha hivyo, jamani?" Ikibanana hugombea mwanga, hurefuka upesi, na kivuli chake huua nyasi. Mingine itakufa, na hilo limo kwenye hesabu. Tunachanganya miti ya kienyeji kama siala, ober, mkwaju na mwegea, na theluthi moja iwe vichaka kama ochuoga. Mkuyu hatuuweki karibu na nyumba: mizizi yake huingia kwenye mabomba ya majitaka.

Saa 2. Hii ndiyo kazi yenyewe. Kupanda ni rahisi. Vifusi vya ujenzi vinatolewa kwa sululu, udongo unalegezwa hadi sentimita 50, kisha samadi iliyooza inachanganywa humo. Tabaka la sentimita 5 juu ya kipande hiki ni mita moja na nusu za ujazo, kwa hiyo agiza mikokoteni kadhaa mapema. Samadi mbichi huunguza mizizi. Udongo ukiwa chepechepe usiuguse kabisa: ukikanyagwa hugandamana kama tofali.

Saa 5. Miche inalowekwa pamoja na viriba vyake mpaka mapovu yaishe, kisha inawekwa kivulini. Jua likishakuwa kali hatupandi.

Saa 6 hadi saa 9. Chakula, na kusomba matandazo. Makapi ya miwa kutoka viwandani ni mazuri, mradi yabaki juu: yakichanganywa na udongo, vijidudu vinavyoyaozesha hunyonya naitrojeni na majani ya miche hugeuka manjano. Gugumaji la ziwani nalo linafaa likikauka kabisa, ila usidanganyike na lundo: karibu lote ni maji, mkokoteni mzima hubaki kikapu. Mafunjo ya kinamasi cha Dunga, kando ya ziwa, hatuyakati. Ni makao ya ndege.

Saa 10. Kupanda. Pasua kiriba na ukiondoe chote, kata mizizi iliyojizungusha chini, kwaruza kuta za shimo kwa uma ili zisiwe laini kama chungu. Shina liwe usawa uleule lililokuwa nao kitaluni. Likizikwa zaidi, gome huoza. Kila mche upate lita 5 za maji hata kama wingu limefunga. Ngurumo za alasiri za Kisumu zinaweza kupita bila kuacha tone.

Saa 11 na nusu. Matandazo ya sentimita 10, yaache nafasi ya kiganja kuzunguka shina, la sivyo mchwa watapata daraja. Kisha uzio, kwani mbuzi wa mtaani hawasubiri kesho. Ojuok (mnyaa) ni uzio wa bei nafuu, lakini utomvu wake ukiingia machoni ni hatari, hivyo karibu na shule tunatumia waya. Magugu yatang'olewa kwa mkono miaka miwili au mitatu ya kwanza, bila jembe, kwa sababu jembe hukata mizizi ya juu.